"Hawakufanya Kitu": Kwa Nini Mzuka wa Kwenye Filamu Unagonga Milango ya Majirani

Wiki mbili sasa, hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, ukikaa kijiweni na bodaboda au ukisubiri chipsi zako zichujwe mafuta, utaukuta ubishi uleule. Umetoka kwenye mabanda ya video, kwenye filamu moja ya kutisha iliyotafsiriwa. Jina lake sihangaiki nalo, maana kila banda limeiandika kwa jina lake kwenye kibao cha nje. Kisa chenyewe ni hiki: mwanamke anavamiwa usiku uani, kwenye ghorofa la wapangaji. Anapiga kelele. Taa zinawaka madirishani, halafu zinazimwa moja baada ya nyingine. Anakufa. Muuaji anakamatwa mapema tu, hata soda hujaimaliza, na hapo ndipo filamu inapoanza, kwa sababu mzuka wa marehemu hauendi gerezani kumtafuta aliyemuua. Unapanda ngazi. Unagonga mlango mmoja, unahamia wa pili.

Tulipotoka nje kijana mmoja alikuwa amekasirika kweli kweli, kama aliyeonewa yeye.

"Sasa wale wapangaji wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu," akajibiwa.

"Si ndiyo hapo!"

"Si ndiyo hapo!" na mwenzake naye akasema, na wote wawili wakaamini wameshinda.

Sikiliza tena hayo maneno. Wa kwanza aliyapokea "hawajafanya kitu" kama utetezi. Wa pili aliyasema hayohayo akiwashtaki. Ubishi wote wa mjini umefungwa kwenye fundo hilo, na mtafsiri wa filamu alizidi kulikaza alipomwekea mzuka maneno mdomoni: "Nyote mna hatia! Nyote mmeniua!" Watu wakaondoka na swali ambalo filamu yenyewe, nadhani, haikuliuliza: je, kutazama ni kuua?

Tuanze na hilo neno hatia, maana ndilo linalotuchanganya. Kiswahili kinalitumia mahakamani, hakimu anaposema mshtakiwa amekutwa na hatia. Kinalitumia pia moyoni, mtu anaposema anajisikia hatia kwa kutokwenda msibani. Ni vitu viwili tofauti, na katikati yao kuna cha tatu, lawama, ambayo haitoki kwa hakimu wala moyoni mwako. Inatoka kwa watu.

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga. Jirani ameinjika maharage kwenye jiko la mkaa koridoni, akatoka kidogo dukani. Wewe umekaa kwenye kigoda chako, simu mkononi. Harufu ya kuungua inakufikia. Unaisikia vizuri kabisa. Huinuki. Anarudi, anakuta sufuria jeusi. Kosa hapo huna; hakuna sheria ya maharage. Lawama unayo, na utaisoma usoni pake atakapokuuliza taratibu, "Kumbe ulikuwepo?" Majuto yanakuja kesho yake, atakapokuletea chapati mbili kwenye sahani kama kawaida yake, ukashindwa kumwangalia.

Filamu yetu inahusu lawama na majuto. Waliokasirika wameitazama kama filamu ya kosa, ndiyo maana wakaona mzuka unaonea watu.

Kuna aina nyingine ya majuto ambayo watu wa hapa wameichanganya na hii, na sishangai. Mzee mmoja kijiweni alisema filamu imemkumbusha Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikiwa inakaribia Mwanza na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi wamelazwa pale Igoma, na ukipita na daladala unayaona makaburi yao. Alisema kuna watu waliotoka hai na hadi leo hawapendi kuulizwa walitokaje. Hayo ni majuto ya kunusurika: mimi nimepona, mwenzangu kaenda, kwa nini? Aliyenusurika naye alikuwa anazama. Wapangaji wa kwenye filamu walikuwa wamekauka, wako kitandani, wamejifunika shuka. Wote wawili hawalali usiku, lakini tusiwaweke kapu moja. Wa kwanza anajiuliza kwa nini amebaki, wa pili anajiuliza kwa nini hakuinuka.

Kwa nini watu hawainuki? Jibu la haraka ni kwamba wana roho mbaya. Hilo jibu silipendi, kwa sababu moja: nilikuwa mmoja wao.

Nilipokuwa nimepanga Mahina, usiku mmoja nilisikia mwanamke wa nyumba ya mbali kidogo akilia kwa kipigo. Nilikaa kitandani. Nikajiambia, hapa katikati kuna nyumba nne, na baba mwenye nyumba yuko karibu yake kuliko mimi, kwa vyovyote mjumbe ameshaitwa. Nilisogeza pazia kidogo. Dirisha la ng'ambo nako pazia likasogea, likarudi. Nikasema, kama yule naye ametulia, basi huenda ni ugomvi wa kawaida tu. Kelele ziliisha zenyewe. Asubuhi mjumbe alipita kila mlango, na swali lake lilikuwa moja: "Nani alikuja kuniita?" Nyumba sita, hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake amekwenda. Yule mama alivunjika mkono.

Usiku huo yalinipata mambo mawili ambayo wataalamu wa saikolojia wana majina yake marefu. Mimi nitayaita kugawana mzigo na kusomana nyuso.

Kugawana mzigo ni hivi. Gunia la dagaa likidondoka njiani ukiwa peke yako na mwenye gunia, utalishika. Mkiwa ishirini, kila mmoja anabeba sehemu yake ya ishirini kichwani, na sehemu ya ishirini ya gunia hainyanyui kitu. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilipima jambo hilo. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja chumbani kwake, wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha sauti ya mmoja wao ikasikika kama mtu anayeshikwa na kifafa. Aliyedhani yeye ndiye pekee anayesikia, mara 85 kati ya 100 alitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Aliyedhani wanasikia wengine wanne, mara 31 tu.

Kusomana nyuso ndilo lile la pazia. Jambo likiwa halieleweki, tunauliza kwa macho kabla ya mdomo: wenzangu wanaonaje? Shida ni kwamba mwenzako naye anakuuliza wewe kwa macho, na nyote mmejikaza msionekane waoga. Watafiti haohao waliingiza moshi kwenye chumba cha watu waliokuwa wanajaza fomu. Aliyekaa peke yake, mara 75 kati ya 100 alitoka kutoa taarifa. Aliyekaa na wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, mara 10. Watu walipikicha macho, wakapeperusha moshi kwa mikono, wakaendelea kujaza fomu.

Jambo la tatu halihitaji utafiti: woga. Woga wa panga, woga wa kuambiwa "haya ni ya ndani, wewe yanakuhusu nini?", na huu wa kwetu wa kuogopa polisi. Umembeba majeruhi kwenye bodaboda, mnaanza na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mara wewe ndiye unaulizwa ulikuwa wapi, mara kesi inaitwa na huna nauli ya kwenda mahakamani. Wapo wanaoutaja woga huu kama kisingizio. Mimi nauita hesabu. Huenda ni hesabu mbaya, lakini mtu ameipiga.

Sasa nije kwenye yale yanayosemwa kama ukweli wakati si ukweli, au ni nusu.

La kwanza: "Hayo ni ya wazungu, sisi tunaitikia yowe." Wengi walilisema hili bandani, tena kwa kujivuna, na wana pa kuanzia. Usukumani kuna mwano, yaani yowe la kuomba msaada. Ukipigwa, watu wanatoka na walichonacho, na yowe linapokezwa kijiji hadi kijiji. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Nzega, walijijenga juu ya mwano huohuo, na asiyeitikia alitozwa faini, akikaidi anatengwa. Hiyo faini inasema kitu. Kama kuitikia kungekuwa kwenye damu yetu, faini ingekuwa ya nini? Wazee walijua kwamba mtu akiachiwa nafasi ya kusoma nyuso, atasoma hadi asubuhi. Wakaweka sauti moja isiyo na maana mbili, na deni kwa asiyetoka. Mwano haukuwafanya watu kuwa wema zaidi, uliwaondolea mwanya wa kujiuliza.

Tena Kanda ya Ziwa hii hii imeshuhudia vikongwe wakikatwa mapanga usiku kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu, mengi yakiwa ni ya moshi wa kuni miaka hamsini. Imeshuhudia wenye ualbino wakivamiwa majumbani. Majirani walisikia. Wengine waliogopa, wengine waliona yanamstahili. Kwa hiyo tusijivune sana. Na lile yowe la "mwizi!", linaloitikiwa kuliko yote, linaitikiwa kwa mawe na tairi. Hapo shida haikuwa watu kukaa ndani.

La pili: "Watu wakiwa wengi hakuna anayesaidia." Hii imetoka kwenye kisa maarufu cha Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28 aliyeuawa New York Machi 13, 1964, saa tisa usiku, mlangoni kwao. Gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama zaidi ya nusu saa bila yeyote kupiga simu polisi. Dunia ikashtuka, na filamu za namna hii zimezaliwa kwenye mshtuko ule. Baadaye ikabainika chumvi ilikuwa nyingi, na mwaka 2016 gazeti lenyewe likakiri. Wengi walisikia tu, hawakuona. Shambulio la mwisho lilitokea ndani, chini ya ngazi, mahali pasipoonekana na karibu wote. Jirani mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, muuaji akakimbia, kisha akarudi. Na mwanamke mmoja, Sophia Farrar, alishuka bila kujua kama muuaji bado yupo, akampakata Kitty akiwa anakata roho. Huyo hakuandikwa. Habari ya aliyeshuka haiuzi kama habari ya waliozima taa.

Watafiti walipokuja kuangalia kamera za mitaani, ugomvi 219 wa kweli katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town, walikuta kwamba katika visa tisa kati ya kila kumi kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia. Na watu walivyokuwa wengi, nafasi ya kumpata huyo mmoja iliongezeka. Hii haipingani na ile ya vipaza sauti. Mimi mmoja mmoja naweza kulegea kwa sababu mko wengi, lakini katika wengi kuna uwezekano mkubwa wa kuwemo asiyelegea. Tena mitaani watu wanaonana na wanaona kinachotokea. Vyumbani, nyuma ya pazia, kila mtu ni wa peke yake.

Na ziwani nako tumeona. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia gati la Bwisya, Ukara, wa kwanza kufika walikuwa wenye mitumbwi. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi waliwahi kabla ya boti za uokoaji, na 24 walitoka hai. Hakuna aliyewaita kwa majina, ila kulikuwa hakuna cha kutafsiri. Ndege ikiwa ndani ya maji, hujiulizi kama ni ugomvi wa mke na mume.

Kuna kingine: tunamwinua tunayemwona ni wetu. Bodaboda mmoja akigongwa Barabara ya Nyerere, dakika mbili tu barabara imefungwa kwa pikipiki. Mpita njia akigongwa palepale, inategemea. Waingereza walilipima kwa mashabiki wa Manchester United waliopishana na mtu aliyejikwaa na kushika kifundo cha mguu. Akiwa na jezi ya Manchester, walimsaidia. Akiwa na ya Liverpool, wengi walipita. Lakini walipoandaliwa kwanza wajifikirie kama wapenzi wa soka kwa jumla, hata wa Liverpool aliinuliwa. Msomaji wa Simba au Yanga nadhani hahitaji nimfafanulie zaidi.

La tatu: "Kisheria hawana kosa, basi." Hapa nenda polepole. Kwetu hakuna sheria ya jumla inayokulazimisha kujitosa majini kumwokoa usiyemjua. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila anayejua kwamba kosa limetendwa au linapangwa atoe taarifa kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo kijiweni sikumkuta hata mmoja aliyewahi kuisikia. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: ukimwacha mtu hatarini ilhali ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha, unaweza kufungwa. Kwa hiyo wapangaji wa filamu wangekuwa salama au la kulingana na ghorofa lao liko nchi gani. Mzuka, naona, haukusoma sheria ya popote.

Na mzuka wenyewe umewasumbua watu wa huku kwa namna nyingine. Kwa Wasukuma, masamva, yaani mizimu ya wahenga, huwafuata watu wa ukoo wao waliowasahau. Mzimu unadai kwake. Mama mmoja anayeuza vitumbua jirani na banda aliniambia, "Huyo marehemu hana ndugu? Kwa nini asiende kwao? Jirani anamdai nini?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia. Filamu inajibu kimyakimya kwamba kwenye ghorofa la wapangaji, mtu ametoka mbali na ndugu hana, na usiku ukoo wake ni wale wanaotenganishwa naye kwa ukuta wa tofali moja. Nilipomwambia hivyo mama vitumbua alicheka. "Basi mimi ukoo wangu ni yule anayefungulia redio saa kumi alfajiri."

Umebaki ubishi wa mwisho, wa bibi kizee wa ghorofa ya tatu. Usiku wa mauaji alifungua dirisha akapaza sauti mara moja, "Mwache!" kisha akafunga. Mzuka unapofika kwake unagonga mara moja, unasimama, unaondoka. Nusu ya banda ilipiga kelele: kwa nini yeye aachwe wakati hakuokoa mtu? Watazamaji (na neno ni hilohilo, la sisi tuliolipa na la wale wa madirishani) walitaka ama aguswe kama wengine, ama mzuka usifike kabisa.

Mimi nadhani mtunzi alikuwa sahihi, na naweza kusema ni kwa sababu ya kitu nilichokiona Mwaloni, Kirumba. Mtoto wa kama miaka minane aliteleza kati ya mitumbwi miwili akazama hadi kidevuni, akawa anamezwa na kutemwa. Gati lilijaa. Wapo waliosema "jamani mtoto!", wapo waliotoa simu kupiga picha. Sauti zilikuwa nyingi, mtu hakuna. Mama mmoja mchuuzi, beseni la dagaa bado kichwani, akanyoosha kidole: "Wewe! Mwenye kofia ya Yanga! Shika hiyo kamba umtupie. Na wewe mwenye ndala nyekundu, mshike kiuno asidondoke." Wakashika. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika. Vivyo hivyo kwenye simu: badala ya "pigeni polisi", unamtaja mtu, unamtajia na namba, 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Baadaye nilimuuliza yule wa kofia kama anajua kuogelea. Akasema hajui, na kwamba hata kamba alikuwa hajaiona mpaka alipotajwa. Bibi wa ghorofa ya tatu alipaza sauti, na sauti ile ni zaidi ya nilichofanya mimi Mahina. Ila hakumtaja mtu.

Mwenye banda anasema Jumamosi anairudia, saa mbili usiku. Kiingilio jero. Ukichelewa utasimama nje na wale wanaochungulia kwenye tundu la turubai.